Vichwa vya Boriti Vikae Wazi

Vijana wangu mafundi wa Bagamoyo, juzi mmoja wenu alikuja barazani kwangu, akanipa shikamoo nzuri kabisa, akakaa, akanywa kahawa yangu, kisha akanipa habari iliyoninyima usingizi. Alisema kwa furaha kwamba nyumba ya marehemu Bwana Abeid, ile ya ghorofa yenye roshani ya mbao juu ya njia ya sokoni, ni nyinyi mlioitengeneza mwaka juzi. Akasema mliona matundu ukutani chini ya roshani, kila boriti na tundu lake, mkayaziba yote kwa saruji.

"Tulishangaa, Babu," aliniambia. "Fundi gani huyo aliyeacha ukuta na matundu? Njiwa wanaingia, mijusi inaingia. Na wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

Nilimjibu marahaba mara ya pili, nikammiminia kahawa nyingine.

Methali ni nzuri, wanangu, lakini mlichoziba hakikuwa ufa. Fundi aliyeacha matundu yale alikuwa Fundi Kheri, aliyenifundisha kazi, na mimi ndiye niliyemshikia tindo alipokuwa akiyachonga. Tuliyaacha kwa makusudi, na sababu yake ilizikwa pamoja na mtu. Ijumaa ijayo pana harusi katika nyumba hiyo hiyo, anaolewa mjukuu wa Bwana Abeid, na wanawake wa nusu ya mji watajazana juu ya roshani ile kumtazama bwana harusi akiletwa. Mmoja wao atakuwa mjukuu wangu Zuhura, maana ndiye anayempamba mwali. Basi nimeamua kuandika. Magoti yangu hayapandi tena ngazi, lakini mkono bado unashika kalamu, na nyinyi mmekwenda skuli, mtasoma.

Mimi nilikuwa seremala. Siku hizi randa yangu iko mikononi mwa wengine, na kazi yangu ni kupokea salamu. Lakini tangu siku Mwingereza alipokuwa bado mgeni hapa mpaka baada ya vita vya pili, riziki yangu ilitoka kwenye roshani na vibaraza vya mbao: kuvijenga, kuvikagua, na mara nyingine kuokota vipande vyake njiani. Hilo la mwisho ndilo lililokaa moyoni mwangu na haliondoki.

Fundi Kheri alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na dharau nyingi. Dharau yake yote ilikuwa kwa mbao mbovu. Kabla hajakanyaga kibaraza cha mtu alibisha hodi kwanza, na hakubisha mlangoni, alibisha kwenye mti. Aligonga boriti kwa mpini wa nyundo, akatega sikio, akasogea kidogo, akagonga tena. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Mti ulioliwa hujibu kizito, kama umegonga gunia la mpunga. "Umesikia?" alikuwa akiniuliza. Nami mwanafunzi mzuri nilijibu nimesikia, na wala sikuwa nimesikia kitu. Alijua. Siku moja alinifunga kitambaa machoni, akanipitisha katika boriti zilizolazwa uani, nigonge na kusema ipi nzima, ipi mbovu. Watoto wa mtaa mzima walikusanyika kunicheka. Nilitukanwa, nikachekwa, nikajikwaa, lakini jua lilipokuwa linatua nilikuwa nasikia.

Baada ya hodi hufuata msumari. Fundi Kheri alikuwa na msumari mmoja mrefu, wa mraba, uliofuliwa kwa kazi ya vyombo vya baharini. Hakuupiga nyundo hata siku moja. Aliusukuma kwa kiganja tu, pale mti unapokutana na ukuta. Ukikataa, alhamdulillahi. Ukiingia zaidi ya ukucha wa kidole gumba, boriti hiyo itoke, hata kama imepakwa rangi ya kupendeza namna gani. Nasikitika kuona siku hizi mnakagua kwa macho. Macho yanaona rangi, na rangi ni kazi ya mtu mwingine.

Nisiwachoshe kwa huzuni tangu mwanzo, yapo na ya kuchekesha. Kule Kaole palikuwa na mzee mmoja karani aliyestaafu, mtu wa kujua kila kitu. Alijijengea kibaraza cha mbele kwa magogo ya mnazi, kwa sababu mnazi umesimama wima miaka mingi unapigwa na upepo na hauanguki. Fundi Kheri alimwambia mnazi una nguvu nje tu, moyo wake ni makumbi, ukiukata na kuulaza unaoza kutoka katikati. Mzee akasema ahsante, akaendelea. Mwaka wa pili akaalika watu maulidi. Walipofika pa kusimama kumsalia Mtume wakasimama wote kwa pamoja, na kibaraza kikakaa. Kwa rehema ya Mungu kilikuwa chini, hakikuzidi kiuno cha mtu, hakuna aliyeumia. Babu mmoja aliteremka nacho, kikombe chake cha kahawa mkononi, akainuka katikati ya vumbi, akatazama ndani, akaona haikumwagika, akaomba aongezewe. Tuliicheka habari ile mwaka mzima. Fundi Kheri peke yake hakucheka. Alisema, "Kingekuwa ghorofani mngekuwa mnasoma hitima."

Na mimi mwenyewe yalinipata. Nilipoanza kuaminiwa kazi ndogo, nilifunga ukingo wa roshani moja kwa misumari mipya ya dukani, inang'aa, nikajiona bingwa. Fundi Kheri akaja, akaipapasa, akaniambia niing'oe yote. Hewa ya pwani yetu ni chumvi, alisema, msumari mwembamba wa chuma hautapita masika mengi, utavimba kwa kutu na kupasua mti ulioushika. Ukingo watu wanauegemea kwa vifua vyao. Tumia vigingi vya mti mgumu, vichongwe vizuri, viingie kwa kubanwa. Niling'oa mchana kutwa huku wapita njia wakinipa pole. Ni jambo hilo hilo na mchanga. Mchanga wa ufukweni usiooshwa kwa maji baridi ukitiwa katika chokaa, ukuta hautakauka kamwe, na boriti iliyo ndani ya ukuta huo inakunywa kila siku.

Maana mti hauuawi na uzito, wanangu. Unauawa na maji. Na wala msiogope sana maji ya masika: yanapiga kwa kishindo, kisha jua na upepo vinayakausha. Yaogopeni maji madogo, ya kila siku, yanayoingia mahali pasipo hewa. Boriti ya mkoko kutoka Rufiji ikikaushwa vizuri itakubeba wewe na wajukuu wako. Ipe tone moja kila jioni, izibe pumzi, itageuka unga huku nje inakutazama kama kawaida.

Sasa nifike kwa Bi Tatu, mke wa Fundi Kheri, na hapa mnisamehe nikienda polepole.

Sisi mafundi wa zamani tulikuwa na tatizo ambalo halikuonekana tatizo. Roshani katika nyumba za watu wa mjini ilikuwa mali ya wanawake. Wao hawakushuka njiani ovyo, roshani ndiyo iliyokuwa baraza yao, pale walipopunga upepo na kuona mji. Boriti zinazoibeba zilipenya unene wote wa ukuta, vichwa vyake vikaishia upande wa ndani, usawa wa sakafu ya chumba chao. Na mwanamume asiye wa nyumba haingii chumba hicho. Kwa hiyo fundi alipanda ngazi kutoka njiani, akatazama boriti inapotokeza ukutani, akaigonga, akasema nzima, akashuka. Kuoza kunaanzia ndani ya ukuta, hilo kila seremala alilijua. Lakini mji mzima tulikagua boriti kwa upande mmoja, tukaona huo ndio ustaarabu. Na ulikuwa ustaarabu kweli, sitaki mseme babu yenu anatukana mila. Ila boriti ina ncha mbili.

Fundi Kheri alipata dawa yake nyumbani kwake. Bi Tatu, mkewe, alikuwa somo wa mji: yeye aliyewaweka ndani maharusi, akawapaka liwa na hina, akawafunga vikuba vya asumini. Hapakuwa na chumba cha wanawake Bagamoyo ambamo hakukaribishwa. Fundi Kheri akamfundisha kubisha hodi kwenye mti, akamkabidhi ule msumari. Basi Bi Tatu alikwenda kumpamba mwali, na kabla ya kuondoka akapiga magoti pembezoni mwa ukuta, akagonga, akasukuma. Jioni alituletea habari tukiwa uani.

"Ya pili kutoka mlangoni imekwisha," alisema siku moja. "Ya nne inalia kizito, lakini msumari imeukataa."

"Inayolia kizito nayo itoke," Fundi Kheri akasema.

"Haya. Ulinioa niwe mke, ukanifanya mwanafunzi. Na huyu mwanafunzi wako mwingine," akanitazama mimi, "ana masikio makubwa kama makafi na bado hasikii. Mimi yangu yamejaa vipuli, na nasikia."

Fundi Kheri alicheka. Nilimwona akicheka kwa sababu ya mtu mmoja tu duniani, na alikuwa huyo.

Bwana Abeid alikuwa mfanyabiashara wa mbata na nguo, mtu mwema, mkarimu, msije mkamdhania vingine. Nyumba yake ilisifika kwa asumini. Wanawake wake waliiotesha katika vyungu vikubwa vya udongo, vimepangwa juu ya roshani, vimeegemea ukuta, na kila alasiri vilimwagiwa maji. Mji wote ulipata asumini za harusi kutoka pale. Bi Tatu mwenyewe alizichuma huko miaka na miaka. Na kila mwaka kabla ya Ramadhani, nyumba ilipakwa chokaa juu ya chokaa, ndani na nje, mpaka ukuta ukawa umenenepa.

Binti mkubwa wa Bwana Abeid alipochumbiwa, Fundi Kheri aliitwa aitazame roshani na kutengeneza ukingo wake. Alipanda ngazi, akakwangua chokaa, akagonga. Boriti kwa nje zilijibu vizuri. Lakini alipotazama juu, aliona alama ya maji chini ya vyungu, mstari wa kijani unaoingia ukutani. Akamtuma Bi Tatu, ambaye alikuwa ameanza kazi ya kumweka ndani mwali. Bi Tatu alirudi na uso usio na mzaha.

"Vichwa vyote vimefunikwa," alisema. "Wamejenga kibaraza cha kukalia juu yake, lipu nene, chokaa tabaka kwa tabaka. Nimesukuma, msumari haufiki kwenye mti. Nilichogusa ni lipu, nayo ni nzima. Nisichokigusa sikijui."

Kesho yake tulikwenda kwa Bwana Abeid. Alitukaribisha barazani, akaagiza kahawa na halua.

"Bwana," Fundi Kheri alisema, "nakuomba asubuhi moja. Wanawake wahamie kwa jirani, niingie na tindo, nibandue lipu nione vichwa vya boriti. Mchana nitakuwa nimeirudisha."

"Fundi, mwali yumo ndani. Nimtoe nje kabla ya siku yake? Au nikuingize wewe alipo? Nambie, angekuwa wako ungefanya?"

Fundi Kheri aliweka kikombe chini. "Basi niache nisimamishe nguzo chini, ziitegemeze mpaka harusi ipite."

"Chini ndipo atakapopita bwana harusi na watu wake. Apite katikati ya magogo kama anaingia bandani?"

"Basi mlango wa roshani ufungwe. Asikanyage mtu, hata paka."

"Hilo nimelipokea," Bwana Abeid akasema, akaweka mkono kifuani. "Utafungwa. Harusi ikisha, ingia ubandue utakavyo."

Tukanywa kahawa. Hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Bi Tatu alipewa kazi ya kuufunga mlango, akatia komeo na kulizungushia kipande cha kanga, fundo juu ya fundo, akawaambia wanawake wote wa nyumba sababu yake.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, Fundi Kheri na mimi tulikuwa katika msafara, tumevaa kanzu safi. Tari zilikuwa zinalia, udi unanukia njia nzima. Tulipopinda kona tuliinua macho, kwa mazoea ya kazi. Mlango wa roshani ulikuwa wazi na wanawake wamejaa.

Baadaye tulijua ilivyokuwa. Shangazi mmoja wa bwana harusi alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Pangani. Hakuambiwa neno. Aliposikia tari aliona mlango umefungwa kwa kitambaa siku ya furaha, akastaajabu, akafungua. Hakufanya uovu wowote. Mlango ukifunguka siku kama ile, nani atabaki ndani?

Fundi Kheri alipiga kelele, lakini tari na vigelegele vilimeza sauti yake. Akaanza kukimbia, akawasukuma watu wazima waliokuwa mbele yake, kitu ambacho hakijapata kuonekana. Hapo Bi Tatu akatokea mlangoni pa roshani, mikono yake imejaa rangi ya hina. Alikuwa kwa mwali, hakujua. Tulimwona akiwakamata mabega, akiwavuta, akiwasukuma ndani mmoja baada ya mwingine. "Ingieni! Ingieni ndani jamani, kwa haki ya Mungu!" Waliingia. Wengi waliingia, na wengi wa hao wako hai mpaka leo, baadhi yao ni bibi zenu. Akabaki msichana mmoja ameushika ukingo, anacheka, anataka kuona. Bi Tatu akatoka mpaka ukingoni, akambandua vidole, akamsukuma mpaka mlangoni. Kisha akageuka kutazama chini, na nadhani alimwona mumewe.

Watu hudhani roshani ikitaka kuanguka hupiga mayowe kwanza. Haipigi. Ilitoa mlio mdogo, kama mtu anavunja mkate mkavu, vyungu vikatangulia, na yeye akafuata na mbao zote.

Tari zilinyamaza moja moja, maana walio nyuma hawakuwa wameona. Fundi Kheri aliondoa mbao zile mwenyewe. Alizipanga pembeni, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, kama alivyonifundisha kupanga mbao, na hakutuacha tumsaidie mpaka alipomfikia. Bi Tatu alikuwa amekwisha kufa. Nimeishi miaka mingi baada ya pale na nimezika watu wangu, lakini sijapata kuona tena uso kama wa Fundi Kheri alipoinua mkono ule wenye hina.

Mji ulisema mengi. Wengine walisema kijicho, harusi ile ilikuwa na fahari mno. Wengine walisema jini wa nyumba hakupewa haki yake, wakafukiza. Fundi Kheri hakubishana na mtu. Alikwenda akachukua kichwa kimoja cha boriti kilichobaki ukutani, akakileta msikitini baada ya swala, akakiweka barazani. Kwa nje kilikuwa mti. Kwa ndani kilikuwa unga mweusi, na ndani ya unga ule umepita mzizi mweupe wa asumini, mwembamba kama uzi, umejinyoosha kutafuta maji. Watu walikitazama, wakavaa viatu, wakaondoka.

Arobaini ilipopita Bwana Abeid alimwita. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya ngazi ya kupandia darini, akafungua mikono. "Ingia, Fundi. Nimewahamisha wote, na mwali yuko kwa mumewe. Ingia utazame mwenyewe."

Fundi Kheri alivua viatu. Alifika mlangoni pa chumba cha wanawake, akabisha hodi, akangoja. Hapakuwa na mtu wa kumwitikia, na yeye alijua, lakini alingoja. Kisha tukaingia. Alipiga magoti kwenye kile kibaraza cha ukutani, na nikamwona amekwama pale pale, hasogei. Nikasogea nione. Katika chokaa nyeupe palikuwa na vitobo vidogo vya mraba, vingi, kutoka pembe moja ya ukuta mpaka nyingine. Bi Tatu alikuwa amejaribu kila mahali. Kila alipodhani pana kichwa cha boriti alisukuma msumari mpaka nguvu zake zikaishia, na haukufika. Fundi Kheri alitia ncha ya kidole chake katika kila kitobo, taratibu, mpaka mwisho wa ukuta. Alilia kwa sauti, nami nikalia. Kisha akaniomba tindo.

Roshani tuliyoijenga ndiyo mliyoikuta. Boriti mpya, mikono ya mti chini yake ya kuisaidia, mbao za sakafu za mninga uliotoka pori la Ubena, zimeinamishwa kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi ukutani. Na kila boriti tuliiachia tundu, ndani na nje, mkono upite, hewa ipite, msumari ufike. Chokaa hupumua kidogo, lakini saruji haipumui kabisa, na boriti iliyozibwa kwa saruji ni kama mtu aliyefunikwa blanketi la maji. Njiwa wakiwakera, wekeni wavu. Vyungu Fundi Kheri alivipiga marufuku, na Bwana Abeid aliitii amri hiyo hadi kufa kwake. Kuna jambo jingine alilobadilisha. Tangu siku ile, roshani ikimtia shaka hakukubali tena habari ya kufunga mlango. Mlango uliofungwa hufunguliwa na mtu asiyejua. Aling'oa mbao za sakafu, zote, akaacha uwazi mtupu ambao hata mgeni wa Pangani angeuona. Lishikeni hilo kuliko yote niliyoandika.

Ule msumari haukupotea, ulikuwa umefungwa katika pindo la kanga ya Bi Tatu. Fundi Kheri alimpa mke wangu, naye akaufanyia kazi mpaka macho yake yalipofifia. Sasa anao Zuhura, ambaye naye ni mpambaji, mama wa mtoto mmoja, mwenye masikio mazuri kuliko yangu.

Leo asubuhi nilimtuma. Alikuwa anakwenda kumtia hina mwali, nikamwambia apige magoti ukutani kabla hajaanza. Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika aliporudi. Hakukaa hata kitini.

"Babu," amesema, "vyungu vya asumini vimerudi. Vimepangwa ukutani, vimejaa maji. Na kwa ndani nako wameziba, lakini ile saruji ya mlangoni imepasuka, nimepenyeza msumari kwenye ufa. Sikuusukuma, Babu. Umeingia wote."

Ameuweka juu ya meza mbele yangu. Una unga mweusi mpaka kichwani.

Alitaka kurudi pale pale akae mlangoni pa roshani, awazuie wenzake wasitoke. Nimemshika mkono. Nimemwambia hapana, wewe utakaa hapa na mimi, watakwenda mafundi. Jirani yangu nimemtuma kwa mwenye nyumba, na karatasi hizi anazileta kwenu mtoto wa kiume wa jirani huyo, anazijua karakana zenu. Mkizisoma msingoje Ijumaa, wala msingoje kesho. Chukueni nguzo, chukueni tindo na mtaimbo, ngazi yangu iko nyuma ya nyumba. Ng'oeni mbao za sakafu kwanza, mengine yafuate. Mtaambiwa mwali yumo ndani. Bisheni hodi, kisha ingieni.